Mkono wa Kushoto

Barua ya kamusi ilifika Lerwick Jumanne,
imelowa pembeni, maana meli nayo ilipigwa:
kitenzi kimoja tu, Bi Osla Isbister,
tafadhali kitolee maana, kisha mifano minne,
malipo ni shilingi kumi na mbili.
Kitenzi chenyewe: differ.

Akakiweka mezani kando ya chumvi,
akakitazama kama mgeni aliyekataa chai.

Maana ya kwanza haikumsumbua.
Kutokuwa sawa. Basi.
Jiwe la ukutani na jiwe la ubavuni mwake
wametofautiana miaka mia mbili bila kutukanana.
Kiatu cha jana na kiatu kilekile leo, baada ya mvua.
Maana hii haina mdomo.

Ya pili inao.
Ya pili ilikuwa imekaa pale karibu na jiko,
imevua buti, inasoma bei za kondoo kwa sauti,
na jina lake Magnie.

"Huu mkono wa kushoto," Osla alisema, "si kijani kile."
Sufu ya duka lilelile, namba ileile kwenye karatasi,
ila pipa la rangi lilikuwa jingine,
na kiwandani waliandika chini, kwa herufi ndogo kama viroboto,
kwamba rangi huweza kutofautiana.
"Ni kijani," alisema Magnie.
"Lete dirishani."
"Hata dirishani ni kijani."
"Magnie."
"Naomba kuhitilafiana nawe,"
akasema, kwa Kiingereza cha mahakamani,
akageuza ukurasa.

Osla akashika kalamu.
Watu gani sisi: anayekataa huomba,
hupiga hodi kwanza ndipo avunje mlango.
Akaandika hivyo. Akakata.
Akaandika tena, kwa adabu zaidi.

Mimi ninayesimulia nina lugha isiyojua kufanya hivi peke yake.
Kwetu kitenzi hiki huburuta mkia,
mkia wa kupendana, wa kupigana, wa kuzikana;
huwezi kutofautiana ukiwa mmoja,
kama usivyoweza kusalimiana na kiti.
Chao husimama pekee, kifupi, mikono mfukoni,
kisha huchagua njia:
kikitaka maana ya kwanza huchukua neno la kutoka,
kana kwamba kila kisichofanana kimeshafunga safari;
kikitaka ya pili,
huchukua neno la pamoja.

Hapo kalamu ya Osla ikasita.
Pamoja.
Miaka thelathini na moja ya bei za kondoo,
ya fungua dirisha, funga dirisha,
ya kanisa lipi, ya mtoto aitwe nani
(akaitwa Girzie, kwa jina la mama yake Magnie,
na neno hilo halijaisha hadi leo),
kumbe kisarufi walikuwa pamoja muda wote.

Na yetu ni moja tu.
Wali na samaki, vita na jirani, tofauti na wewe.
Sikuwahi kuiuliza inafanya kazi ngapi kwa mshahara huo.

Wiki ya tatu mhariri wa Edinburgh, Bwana Threipland,
alirudisha mfano wa nne, kaupigia mstari mwekundu:
Wa kinyumbani mno. Wasomaji hawamjui Magnie.
Osla alilamba stempu,
akamjibu kwa sentensi moja, ile ya kuomba,
na mfano akauacha ulivyo.

Mkono wa kushoto nao hakuufumua.
Ijumaa Magnie alishuka gatini na sweta lake
kumpokea binti atokaye Aberdeen,
na kwa mbali, katika ukungu ule,
lilikuwa kijani, kijani tu, huku na huku.
Girzie akamkumbatia, akarudi hatua moja,
akainamisha kichwa kama mamaye.
"Baba, mikono hii haikuzaliwa siku moja."

"Ni kijani," alisema Magnie,
akaupeleka wa kushoto nyuma ya mgongo.